Pacha na Ghorofa

Jumamosi, 3 Juni

Uwanja umefunguliwa. Nyasi zimefyekwa, bati la kujaribia bunduki limepakwa chokaa upya, na mtambo wa kurushia visahani vya udongo tunavyovilenga umefungwa springi mpya. Nimepiga visahani kumi na saba kati ya ishirini na tano. Naandika hesabu hii kwa wino ili nisije nikajidanganya baadaye. Mwaka jana siku kama ya leo nilipiga ishirini na mbili.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, amekuja na bunduki mpya. Ghorofa. Ndivyo tunavyoziita klabuni zile bunduki za marisau, zenye kutawanya chembe za risasi, ambazo mtutu mmoja umekaa juu ya mwenzake, kama wapangaji wasiosalimiana. Yangu ni pacha: mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu. Ilikuwa ya baba. Nimeitumia miaka ishirini na sita.

"Shikamoo, Wakili wa Pacha," Shemeji akasema huku ameikumbatia ghorofa yake kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

"Marahaba. Hilo nalo ni bomba la choo gani?"

"Bomba lililopiga ishirini na tatu, dada. Makumbusho yako yamepiga ngapi vile?"

Jibu lake nitaliandika. Mwezi mzima nina karatasi.

Jumapili, 4 Juni

Makala kwa ajili ya jarida la klabu. Nimeandika kurasa tatu kabla chai haijapoa.

Pacha ni nyepesi. Unaibeba kutwa ukifuata kwale na jioni bado una mkono. Ukiikunja inafunguka kidogo tu, katriji mbili ndani, imefungwa, ilhali ghorofa ni lazima uifungue wazi kama mlango wa ghala ndipo mtutu wa chini uone mwanga. Pacha ina vifyatulio viwili, na kila kimoja kina mtutu wake: mmoja una mdomo mpana kwa ndege wa karibu, mwingine umebanwa kwa ndege wa mbali. Kidole kinachagua chenyewe. Mwenye ghorofa ana kifyatulio kimoja na kitufe cha kusukuma kwa dole gumba. Akimaliza kusukuma, ndege ameshafika kwao na anasimulia.

Nimeandika hoja za upande wa pili pia, kwa sababu asiyeweza kuieleza hoja ya adui yake hana haki ya kuipinga. Wanasema ghorofa inakupa mstari mmoja mwembamba wa kutazamia badala ya chano kipana cha mitutu miwili. Wanasema mtutu wa chini unapiga teke moja kwa moja begani, kwa hiyo mdomo hauruki na risasi ya pili iko tayari. Wanasema uzito wake unaufanya mwendo wa mikono uwe laini, na visahani hupigwa kwa mwendo laini.

Nimeyaeleza. Kisha nimeyachanachana.

Jumamosi, 10 Juni

Manyunyu. Kumi na sita.

Jumatano, 14 Juni

Nimempelekea Fundi bunduki. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, tupa zimepangwa ukutani kwa urefu, na hazungumzi na mtu mpaka amalize alichoshika. Akaondoa mitutu, akapaka kiungo chake masizi ya kibatari, akafunga, akafungua, akatazama masizi yalikofutika.

"Inakaa kama siku iliyotoka kiwandani," akasema. "Baba yako aliitunza, na wewe umeitunza. Bunduki haina neno."

"Nilijua."

"Kama ulijua umeileta ya nini?"

Fundi ni mtu wa maswali mafupi. Simpendi siku za namna hii.

Jumamosi, 17 Juni

Kumi na tano! Na timu ya watu watano itachaguliwa tarehe kumi na tisa Agosti, kwa hesabu tupu, visahani hamsini. Miaka kumi na sita sijawahi kukosa kuwa kwenye timu hiyo. Wengine wana wajukuu. Mimi nina jina langu kwenye ubao ule wa mbao pale mlangoni, mara kumi na sita, kwa rangi ya dhahabu.

Lakini leo nimegundua jambo. Nimekaa kwenye benchi na kuandika kila nilichokosa kilikuwa kinaelekea wapi. Vinavyoruka kwenda kushoto navipiga, tena vizuri. Vinavyoruka kwenda kulia vinanipita karibu vyote. Mtu mwenye akili hujiuliza: kuna nini upande wa kulia? Na kuna nini kipya mwaka huu? Springi. Nani aliifunga? Mrushaji, mtu wa mtambo. Na Mrushaji anakula chakula cha mchana meza gani? Meza ya kina Shemeji, wenye ghorofa.

Kisahani kikienda kwa kasi zaidi upande mmoja, anayeumia ni mwenye bunduki nyepesi ya kugeuka upesi, maana mwendo wake ameuzoea kwa miaka. Imekaa sawasawa.

Jumapili, 18 Juni

Nimeiandika. Kichwa chake: "Springi Ina Upande." Sijamtukana mtu. Nimeuliza maswali tisa tu, na kila moja lina jibu moja.

Mdogo wangu amesoma nakala akiwa amesimama jikoni kwangu. "Dada, huyu mtu ana miaka kumi na tisa pale uwanjani."

"Ndiyo maana anajua pa kugusa."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Mara tisa. Humo humo kwenye karatasi."

Akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari, kama kitu kinachoweza kuruka.

Jumamosi, 1 Julai

Jarida limetoka. Klabu nzima imesoma. Mpaka mfagiaji amenipa pole, sijui ya nini. Wenye pacha, tuko saba, wamenipigia makofi. Mmoja amesema na yeye tangu zamani alihisi kitu. Tangu zamani! Ukweli una tabia hiyo: ukishausema, kila mtu alikuwa anaujua.

Mrushaji alinisubiri karibu na ghala la visahani. Ni mtu wa umri wangu, mrefu, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko.

"Mama, umeniandika."

"Nimeuandika mtambo."

"Mtambo hausomi," akasema, akaenda zake.

Kumi na sita.

Jumatano, 5 Julai

Kamati imemsimamisha Mrushaji mpaka kikao cha tarehe ishirini na tisa. Kama ana makosa, ataondolewa kabisa. Katibu amenipigia simu kunijulisha, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemletea mtu zawadi.

Nililala vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 8 Julai

Katibu ndiye aliyerusha. Kumi na nne. Vya kulia vimenipita vilevile. Katibu hajui mtambo, ni mtu wa mihuri. Ameukuta ulivyoharibiwa na ameuacha hivyo hivyo.

Jumapili, 9 Julai

Mvua kutwa. Nimesafisha pacha. Haikuwa na uchafu.

Jumamosi, 15 Julai

Siku tamu!

Shemeji amenichokoza mbele ya watu wote. "Dada, acha kuonea springi za watu. Chukua ghorofa yangu, piga raundi moja. Ukipiga chini ya ishirini, nitakula kofia yangu."

"Kofia ya aina gani? Nisije nikakuua, mdogo wangu akabaki mjane."

"Chukua, wakili. Au unaogopa utaipenda?"

Nikaichukua. Nzito kama deni la ukoo. Nikapandisha begani, nikaita "Vuta!", na nikaanza. Nakiri hapa pasipo na shahidi: ile bunduki inakaa vizuri. Teke lake linakuja moja kwa moja nyuma, mdomo hauruki, na ule mstari mwembamba wa juu ni kama kidole kilichonyooshwa. Nilijitahidi kwa moyo wangu wote, maana ushindi wa kujikosesha makusudi ni ushindi wa wajinga.

Kumi na tatu.

Nimerudi kwenye benchi nikicheka mpaka machozi. Watu wote wameona. Ghorofa, ya kwake mwenyewe, mpya, kumi na tatu! Shemeji aliivua kofia akaitazama ndani, akainusa, akaivaa tena.

"Imekuzidi nguvu tu," akasema.

"Ndiyo. Ghorofa huzidi watu nguvu. Ndiyo makala ya mwezi ujao."

Jumapili, 16 Julai

Nimeamka kuandika makala hiyo. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tangu kitandani: "Bunduki ileile iliyompa mwenyewe ishirini na tatu imenipa mimi kumi na tatu, basi bunduki si kitu."

Nikaisoma. Nikaisoma tena kwa sauti.

Bunduki si kitu.

Nimekuwa mtu wa hoja tangu nilipoota meno. Nimebishana na wakuu wa shule, na wahariri, na daktari aliyetaka kuniambia nina hasira. Najua hoja inavyotembea, na najua inapogeuka kumtazama mwenye nayo. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika kama ninavyomwandikia adui. Pacha: amekosa vya kulia. Ghorofa: amekosa nini? Nikatafuta hesabu ya jana. Vya kulia. Mtambo wa Mrushaji: vya kulia. Mtambo wa Katibu: vya kulia. Fundi: bunduki haina neno. Wenye pacha wengine sita, waliopiga makofi: nimechukua jarida nikatazama hesabu zao za msimu. Hakuna aliyeshuka. Mmoja amepanda.

Springi ikiwa na upande, ina upande kwa kila mtu.

Kitu kimoja tu kilikuwepo kila mara. Sikuandika jina lake. Nimefunga daftari nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumatano, 19 Julai

Nimerudi kwa Fundi nikamwambia nataka kupiga bati. Hakuuliza kwa nini. Tukaenda uwanjani wakati hakuna watu, tukapaka chokaa bati lote, akachora alama nyeusi katikati, nikasimama hatua thelathini.

"Usilenge kama bunduki ya risasi moja," akasema. "Pandisha begani, tazama alama, fyatua. Kama ndege."

Nikafyatua. Tukasogea. Wingi wa marisau ulikuwa umeangukia kushoto kwa alama, shibiri mbili nzima. Mara ya pili, kushoto. Mara ya tatu, kushoto. Bunduki ikipiga kushoto, kisahani kinachokwenda kulia unakipiga nyuma yake, na kinachokwenda kushoto unakitangulia bila kujua unasaidiwa. Mtoto wa shule angeliona hilo. Mimi niliona njama.

"Sasa fumba jicho la kushoto," Fundi akasema.

Nikafumba. Nikafyatua. Katikati. Alama nyeusi haikuonekana tena kwa matundu.

Fundi akakwaruza kidevu. "Ninyooshee kidole. Macho yote wazi. Elekeza kwenye jicho langu."

Kipimo hicho ninakijua. Ninawafanyia wageni wote siku ya kwanza klabuni; kwa miaka yote hii nimewapima watu wasiopungua arobaini. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza, na bunduki ni lazima ikae bega la upande wa jicho hilo. Jicho jingine likishika uongozi, unaitazama mitutu kutoka pembeni na hujui. Unadhani umenyooka, kumbe umekwenda upogo. Jicho langu la kulia lilipimwa na baba, nikiwa na miaka ishirini na tano. Hakuna aliyelipima tena. Mimi ndiye niliyekuwa mpimaji.

Nikanyoosha kidole. Fundi akatazama kidole, akatazama uso wangu nyuma yake.

"Kushoto," akasema.

"Rudia."

"Kushoto, Mama. Limebadilika. Umri hufanya hivyo. La kulia linachoka, la kushoto linachukua kazi bila kuomba ruhusa."

"Na pacha?"

"Pacha haina kosa. Ghorofa haina kosa." Akaanza kukusanya maganda ya katriji. Hakusema jina la tatu, na simsahau kwa wema huo.

Nimewanyooshea watu kidole miaka thelathini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama akakitazama kutokea upande wa pili.

Alhamisi, 20 Julai

Sikuandika kitu.

Jumamosi, 22 Julai

Sikwenda uwanjani. Nimemwambia mdogo wangu kichwa kinauma. "Kinauma au kinafikiri?" akauliza.

Jumatano, 26 Julai

Nimekwenda kwa Mrushaji. Nyumba ya vyumba viwili mwisho wa barabara ya mawe, maua kwenye makopo ya rangi. Alikuwa barazani, amelifungua cherehani la jirani, vipuri vimepangwa juu ya gazeti. Mkewe ndiye aliyenipokea.

"Karibu. Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo, mimi."

"Nilikudhania mrefu zaidi." Akaniletea kiti. Kisha akaongeza, kwa adabu kabisa: "Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuijua kalamu."

Mrushaji aliendelea kukaza skrubu. Nikamweleza yote: bati, jicho, kidole. Sikupamba. Nilipomaliza, akaingia ndani, akatoka na madaftari ya shule, manne, yamekunjika pembe. Kila asubuhi ya uwanja, kabla hatujafika, hurusha visahani vitatu kushoto na vitatu kulia, huvifuata kwa miguu, na kuandika vimeanguka hatua ngapi. Miaka kumi na tisa. Themanini na moja, themanini. Themanini, themanini na moja. Alipofunga springi mpya alirusha ishirini, akailegeza mpaka hatua zikarudi zilezile.

"Kwa nini hukuyaleta haya kwa kamati?"

"Hawakuniuliza, Mama. Walisoma makala. Makala yako ilikuwa nzuri. Mke wangu alinisomea. Karibu niamini mimi mwenyewe."

Sijawahi kusifiwa vibaya namna ile.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema.

"Nimeisikia." Akapuliza vumbi kwenye gurudumu la cherehani. "Lakini hukunisemea hapa barazani. Ulinisemea kwenye jarida, kwa herufi nene. Mwanangu wa kike anafundisha shule, wenzake wamelisoma. Radhi ya barazani itaishia barazani."

"Unataka niandike."

"Kwa herufi zilezile. Na kurasa zilezile."

Nilipoondoka, mkewe alinisindikiza mpaka kwenye mawe. Hakusema kitu, ila alinishika mkono palipoteleza.

Ijumaa, 28 Julai

Nakala ya kwanza: nusu yake ilikuwa inamlaumu Katibu kwa kutouliza. Nimeichana. Nakala ya pili: aya nne kuhusu udhaifu wa kamati zote duniani. Nzuri sana. Nimeichana pia, kwa uchungu. Nakala ya tatu ni ukurasa na nusu, na neno "mimi" limo mara kumi na moja.

Kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndiyo fupi.

Jumamosi, 29 Julai

Kikao. Chumba cha kamati, meza ndefu, feni inayolia kama jogoo mgonjwa. Mwenyekiti, Katibu, wajumbe watatu. Mrushaji alikaa karibu na mlango, kofia magotini. Shemeji alikuwepo kama mjumbe.

Nikaomba kusema kwanza. Nikasoma ukurasa na nusu, nikaweka madaftari manne mezani.

Mwenyekiti akakohoa. "Tunashukuru. Basi yaishe hapa hapa. Mrushaji arudi kazini, nasi tusilikuze jambo."

"Litakuzwa," nikasema. "Itachapwa kwenye jarida la Agosti. Ukurasa wa kwanza, kama ile."

"Jarida halina desturi ya kuchapa masahihisho," Katibu akasema. "Litaonekana halina uhakika."

"Lilionekana lina uhakika toleo lililopita. Umeona matunda yake, amekaa pale mlangoni."

"Dada, na wewe," Katibu akasema, "klabu nzima itajua huoni."

"Naona vizuri sana. Kwa jicho la kushoto. Andika hivyo hivyo."

Mwenyekiti akajaribu njia nyingine, ile ya upole, ambayo naichukia kuliko matusi: wasomaji, heshima, umri wangu, mchango wangu wa miaka mingi. Nikamwacha amalize.

"Mwenyekiti, mimi ndiye ninayeandika nusu ya jarida hilo. Msipochapa ukurasa huu na nusu, jarida la Agosti litakuwa na matangazo ya mikutano na picha ya Katibu. Chagueni."

Shemeji ndiye aliyecheka kwanza. "Ichapeni, jamani. Miaka kumi na mitano nimemsubiri huyu mama akubali kosa. Msininyime nakala."

Ikapita. Mrushaji aliivaa kofia yake, akasimama, akanitazama na kutikisa kichwa mara moja, kama mtu anayethibitisha hatua: themanini na moja. Akatoka kwenda kuutazama mtambo, maana Katibu alikuwa ameugusa.

Jumamosi, 5 Agosti

Jarida limetoka. Nimebandikwa ubaoni na mtu asiyejulikana, na pembeni amechora jicho. Mchoro mzuri.

Fundi amenibandikia kipande kidogo cha utepe wa ukungu kwenye kioo cha kushoto cha miwani ninayovaa uwanjani, pale pale mbele ya mboni. Mwanga unapita, mitutu haionekani. Jicho la kulia linalazimika kurudi kazini.

"Sasa wewe ni pacha mwenye mtutu mmoja," Shemeji akasema.

"Na bado nitakupiga."

Ishirini na moja. Vya kulia, tisa kati ya kumi.

Jumamosi, 12 Agosti

Mvua. Ishirini na mbili kabla haijanyesha kwa nguvu.

Jumamosi, 19 Agosti

Siku ya uteuzi. Jua kali, upepo kidogo kutoka nyuma ya mtambo. Watu kumi na wanane, nafasi tano.

Raundi ya kwanza ishirini na mbili. Raundi ya pili nimekwenda kwa utulivu ambao sikuujua tangu mwaka juzi. Mitutu ilipata moto mpaka nikavaa kile kiganja cha ngozi cha baba, maana pacha haina ubao mrefu wa kushikia, na hilo, nakubali, ni pointi moja ya ghorofa. Shemeji alishamaliza na arobaini na sita, yuko ndani. Nafasi ya tano ilikuwa na mtu mwenye arobaini na tatu. Nilipofika kisahani cha mwisho nilikuwa na arobaini na tatu. Nikikipiga, arobaini na nne, niko ndani peke yangu. Nikikikosa, tuko sawa, na kanuni inampa nafasi aliyefanya vizuri raundi ya kwanza. Yeye alikuwa na ishirini na tatu.

"Vuta!"

Kikaenda kulia. Nikakifuata, nikakipita, nikafyatua. Kikawa vumbi jeusi. Wenye pacha sita walipaza sauti. Nilishaanza kuikunja bunduki.

Bendera nyekundu ikapanda kwenye shimo la mtambo. Mrushaji akatoa kichwa.

"Kimetoka kimepasuka! Kirudiwe!"

Kanuni ni hiyo: kisahani kikitoka mtamboni kikiwa na ufa, risasi haihesabiwi, hata ukikipiga. Lakini aliye shimoni tu ndiye awezaye kuliona hilo. Mimi nilikiona kizima. Watu wote walikiona kizima. Nyuso zote zikanigeukia, na nikajua vizuri kabisa wanachosubiri. Hata mimi nilikisikia kinapanda kooni: maswali tisa, kila moja na jibu moja.

"Dada," mmoja wa wenye pacha akanong'ona, "utakubali?"

Nikamtazama Mrushaji. Alishikilia bendera juu. Alijua pia. Angeweza kukaa kimya, na hakuna mtu duniani angejua, na ningemshukuru bila kujua ninamshukuru kwa nini.

"Amesema kimepasuka," nikasema, kwa sauti ya kutosha kufika mwisho wa benchi. "Kimepasuka."

Nikaweka katriji mpya. Nikapandisha. "Vuta!"

Kulia tena. Nikachelewa, si kwa jicho, kwa moyo tu. Kikaenda kizima hatua zake themanini na moja, kikatua nyasini taratibu kama sahani inayorudishwa kabatini.

Arobaini na tatu. Wa sita. Jina langu halitapakwa dhahabu mwaka huu.

Mrushaji alikuja baadaye na kipande cha udongo mkononi, akakiweka kwenye benchi kando yangu. Kilikuwa na ufa wa zamani, ukingo mmoja umekolea vumbi. Alikiokota mlangoni mwa mtambo.

"Sikukuomba ushahidi," nikasema.

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimekuletea."

Jumamosi, 2 Septemba

Msimu wa ndege umefunguliwa. Tumetembea tangu asubuhi, mimi, Shemeji, Fundi na Mrushaji, ambaye nimemwalika na ambaye ana bunduki ya mtutu mmoja iliyofungwa waya kitakoni. Kwenye mlima wa pili Shemeji alianza kuibadilisha ghorofa bega hadi bega. Kwenye wa tatu aliniuliza kama nimechoka.

"Sijachoka. Kwani bomba limeanza kuvuja?"

Kwale wawili waliruka chini ya miguu yetu, mmoja karibu, mmoja akiwa ameshatangulia. Kifyatulio cha kwanza, mdomo mpana. Kifyatulio cha pili, mdomo uliobanwa. Wote wawili walianguka kabla Shemeji hajamaliza kutafuta kitufe chake. Kwa hiyo naandika kwa wino, na nitaandika tena kwenye jarida: kwa visahani, ghorofa ina haki yake, nami nilikosea kuinyima. Kwa kutembea, haina. Anayebisha aje mlimani.

Lakini hayo yalikuwa mchana. Asubuhi, kabla hatujapakia katriji, Mrushaji alisimama mbele yangu na kuvua kofia ili uso wake uonekane vizuri.

"Kidole, Mama."

Nikanyoosha, macho yote wazi, moja kwa moja kwenye jicho lake. Akatazama kwa makini, hakuharakisha.

"Bado kushoto."

Nikavaa miwani yenye utepe, nikafunga bunduki ya baba, tukaanza kupanda.